Nilipokuwa Pua ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mpishi wa harusi. Hakuwahi kufanya kazi hotelini, wala hakuwa na mkahawa. Alikuwa yule mtu ambaye, ukiwa na binti wa kuoza hapa kisiwani, unamwendea nyumbani kwake baada ya sala ya Alasiri, unakaa naye barazani, kahawa inaletwa, na anakuuliza kama unataka pilau au biriani, mbuzi au ng'ombe. Watu walimjia kutoka Bondeni alikozaliwa, kutoka Tononoka, hata kutoka ng'ambo ya Likoni. Sisi tulikaa Mji wa Kale, katika nyumba aliyoniachia mamangu, na chumba kizima cha chini kilijaa masufuria yake. Watoto wetu walipokuwa wadogo walicheza kombolela humo, wakijificha ndani ya masufuria na kufunikana mifuniko.

Nilipochumbiwa, shangazi yangu alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, huyu ni mtu wa kuni. Utafua nguo mpaka uzeeke."

Nilifua. Siku za kazi alipakia magunia katika bohari moja huko Mbaraki, na mwisho wa wiki akawa kwenye moto, akirudi nyumbani macho mekundu na kanzu inanuka moshi. Baadaye harusi zilipokuwa nyingi aliacha bohari, akabaki na mwiko tu.

Nyumbani hakupika hata siku moja. Alisema jikoni ni kwangu na yeye ni mgeni. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mume mwingine. Nikimwekea chakula, kabla ya kunawa mikono aliinua kawa la kufunikia, akainama, akafumba macho, akanusa. Kisha alitoa habari.

"Mama, leo umezidisha iliki."

Tangu tupate mtoto aliniita mama, nami nikimwita baba.

"Nimekosea, baba?"

"La. Leo umenipenda."

Siku nyingine alinusa akasema, "Leo una hasira na mtu," na kweli nilikuwa nimegombana na jirani juu ya maji. Sikujua anajuaje. Nafikiri nikiwa na hasira nilikuwa nakata thomu vipande vikubwa.

Watoto walikuwa wawili, binti kwanza, kisha mvulana. Mvulana alipozaliwa nilipata matatizo nikabaki hospitali muda mrefu, na binti alikuwa ameanza shule. Nywele zake zilikuwa nyingi na ngumu kuchana, na dadaangu aliyeahidi kumsuka, naye aliugua. Basi baba mtu akachukua kitana. Mwalimu wake alinisimulia baadaye kwamba siku ya kwanza mtoto alikuja na kichwa kama kifurushi kilichofungwa kamba, siku ya pili vivyo hivyo, lakini baada ya wiki mistari ilikuwa imenyooka kuliko ya watoto wote darasani. Niliporudi nyumbani nikataka kushika kitana, binti alikataa. "Wewe unavuta, mama. Baba havuti." Akaendelea kusukwa na babake asubuhi kwa asubuhi, yeye amekaa kwenye ngazi, baba yuko ngazi ya juu yake, mpaka alipokua akaona haya.

Kwa hiyo binti huyu alipopata mchumba, sote tulijua itakuwa shida. Ndugu za mume wangu walikuja kumwambia mapema kwamba baba wa bibi harusi hapiki. Anavaa kanzu nzuri, anasimama mlangoni, anapokea watu mkono. Akawajibu vizuri tu, "Haya, haya." Siku yenyewe nilichungulia uani nikamwona amejifunga kikoi, kanzu mpya ameitundika msumarini, na mwiko uko mkononi.

"Baba, watu wanakuuliza."

"Waambie naja."

"Wewe ndiye walii. Bila wewe hapana ndoa."

"Na bila nyama kuiva hapana harusi."

Hatimaye mpishi mwenzake alimnyang'anya mwiko. Alitia kanzu juu ya kikoi akaenda msikitini mbio, akamwoza mwanawe, akapeana mkono na mkwewe, akarudi mbio vilevile. Mkwe wetu mpaka leo husema kwamba wakati wa kutamka nimekubali, yeye alichosikia ni harufu ya bizari na moshi, na njaa ikamshika hapo hapo mbele ya shekhe. Jioni ile, sinia za mwisho zilipokwisha kupakuliwa, nilimkuta mume wangu ameketi peke yake kando ya majivu. Nilidhani amechoka. Alikuwa analia kimyakimya, na aliponiona akasema moshi umemwingia machoni, ingawa moto ulikuwa umezimwa zamani.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga misikiti na harusi. Uliingia nyumbani kwetu kama ulivyoingia kwingi. Mume wangu alilala chumba cha nyuma akikohoa, mimi nikimwekea uji mlangoni na kumsemesha kupitia ubao wa mlango. Mungu alimponya. Alitoka amekonda, miguu haina nguvu, tukamshukuru Mungu tukaona yamekwisha.

Lakini alikuwa amebadilika. Bado aliinua kawa, bado aliinama na kufumba macho, ila hakutoa habari tena. Alinawa, akala, akasema alhamdulillahi. Nilifikiri ni huzuni. Marafiki kadhaa walikuwa wamekufa, na kazi hapakuwa. Nilimwacha.

Asubuhi moja nilikuwa juu darini naanika nguo nikasikia harufu ya maziwa yanaungua. Niliteremka mbio. Maziwa yalikuwa yamefurika jikoni, yamegeuka meusi, moshi mwembamba unapanda, na mume wangu ameketi karibu kabisa, ameyapa mgongo, anachagua mchele kwenye ungo.

"Baba! Maziwa!"

Aligeuka akashtuka.

"Huyasikii?"

Aliuweka ungo chini polepole. "Siyasikii, mama. Sisikii harufu ya kitu tangu niugue."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani itarudi." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kila nikiamka nanusa mto wako. Nilisema, siku nitakayosikia asumini, nitakuwa nimepona. Halafu nitakwambia, na hutakuwa na haja ya kujua kwamba iliwahi kupotea."

Mimi hutia asumini nyweleni ninapolala tangu niolewe, na maua mengine hubaki kwenye mto. Nilizima jiko, nikakaa chini kando yake juu ya sakafu, nikamaliza kuchagua ule mchele pamoja naye.

Tulimwona daktari. Alisema kwa wengine harufu hurudi, kwa wengine huchelewa, na akamshauri anuse vitu vikali kila siku, karafuu, ndimu, mdalasini, huku akikumbuka vinavyonukia. Mume wangu alifanya hivyo kama anasali. Alikaa dirishani, karafuu kiganjani, macho amefumba. Miezi ilipita. Haikurudi.

Harusi zilipofunguliwa, alikuja rafiki yake wa siku nyingi wa Tononoka. Anaoza binti yake wa mwisho, na mabinti wakubwa wote walipikiwa na mume wangu. Walikunywa kahawa, wakaagana, na mgeni alipoondoka mume wangu aliingia ndani akasema atatuma mtu akamwambie hawezi, mgongo unamuuma.

"Mgongo wako hauna kitu."

"Nimwambie nini, basi? Kwamba nimekuwa mpishi asiye na pua?"

"Macho unayo. Ulimi unao."

"Sikiliza, mama." Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Rangi ya vitunguu naiona. Chumvi naijua ulimini. Lakini mchele ukishaingia, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko, sioni tena. Hapo pua ndiyo inayojua. Chini kukianza kushika kuna harufu inatoka, ndogo sana, kabla ya ile ya kuungua. Ukiikosa hiyo, wali umekwenda, na watu wote wameshakaa wanangoja."

"Naijua harufu hiyo," nikasema. "Nimeisikia nguoni mwako maisha yangu yote. Pua ninayo mimi."

Alinitazama, kisha akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kabla ya ugonjwa.

Tulipanga hivi. Nyumba ya rafiki yake ina ua, na moto huwashwa uani, upande wa wanaume. Wanawake huwa juu, na kuna dirisha linaloangalia ua. Mimi nitakaa hapo. Bizari zikiiva kwenye mafuta, nitatandaza leso yangu juu ya kizingiti cha dirisha. Wali ukianza kushika, nitaivuta. Nisiite kwa sauti, kwa sababu hakutaka wapishi wenzake wajue.

Siku ya harusi nilipanda na buibui langu nikabeba kiti nikakiweka dirishani. Wanawake walikuwa wanafunga vikuba vya maua na kuimba, na bibi harusi amenyoosha miguu anapakwa hina. Mimi pua yangu iko nje.

"Bibi, njoo huku kwenye feni," mmoja akaniita.

"Hapa pananifaa."

"Mwacheni," akasema mwingine, mama mtu mzima mwenye meno ya dhahabu. "Anamchunga mumewe. Wapishi hawa huoa kila wanapopika."

Walicheka wote. Nikawaambia, "Wangu bado kijana, lazima nimchunge," wakacheka zaidi, nikaona bora waamini hivyo.

Mambo yalikwenda vizuri. Leso niliitandaza, naye alitupa jicho juu, akatia nyama. Mchele uliingia, mfuniko ukawekwa, makaa yakapaliwa. Nilikuwa nimeinama nje ya dirisha mpaka kiuno. Moshi wa kuni, manukato ya wanawake nyuma yangu, udi, hina, na katikati ya yote hayo natafuta kitu kimoja chembamba. Nikakisikia. Ni kama harufu ya bisi, ya mahindi yanayoanza kukaangwa.

Nikaivuta leso. Mume wangu hakuona. Wakati huo huo alikuwa ameingia babu wa bibi harusi, mzee wa heshima, amemshika mkono mume wangu kwa mikono yake yote miwili, anamuuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya wajukuu, ya jamaa wa Bondeni mmoja mmoja. Na mume wangu, ambaye hakuwahi kumkatiza mzee salamu maishani mwake, anajibu, alhamdulillahi, alhamdulillahi, macho chini. Nikaipunga leso. Nikakohoa. Harufu inakua. Wapishi wenzake walikuwa mbali wanakata kachumbari.

Basi nikaiachia leso. Nilikusudia ianguke mbele ya miguu yake. Upepo ukaichukua, ikatanuka, ikamwangukia yule mzee kichwani, kofia na uso pamoja.

Kilichotokea uani sikukiona vizuri maana nilirudi ndani nikajificha nyuma ya pazia. Nilisikia tu sauti ya mume wangu, "Toeni moto! Toeni makaa yote!" na koleo zikigongana na sufuria. Nyuma yangu yule mama wa meno ya dhahabu alikuwa ameshika mbavu, na mwingine akapiga vigelegele. Wali ulitoka umechambuka, punje kwa punje. Sinia yetu ilipoletwa juu, leso yangu ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kawa. Na ujumbe ulikuja nayo kutoka kwa mzee: kwamba katika umri wake hakutarajia tena kutupiwa leso dirishani, na anashukuru.

Tulipofika nyumbani mume wangu alijaribu kununa. "Umenifedhehesha mbele ya watu." Kisha akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Tangu siku ile nilikwenda naye harusi zote. Miaka mingi ya ndoa yetu, mwisho wa wiki ulikuwa wangu na watoto na yeye hayupo. Sasa tukawa tunatoka nyumbani pamoja, yeye mbele na mwiko wake kwenye mfuko, mimi nyuma na leso. Pasipokuwa na dirisha nilikaa nyuma ya mlango wa ua, nao ukaachwa wazi kidogo. Sikumwambia mtu, wala yeye hakusema. Lakini baada ya muda nilianza kukuta kiti kimeshawekwa mahali pangu na mto juu yake, na wapishi wenzake wakinipita wanainamisha vichwa, "Shikamoo, mama," kisha wanakwenda zao. Walikuwa wanajua. Sijui walijua tangu lini.

Nyumbani alianza kunitaka nimsimulie harufu.

"Mvua imegonga ukuta," alisema siku ya masika ya kwanza. "Nieleze."

Nilitoka barazani nikavuta pumzi. "Kama chungu kipya kilichotiwa maji."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na huyu?" Mjukuu wetu alikuwa amelala kifuani pake.

"Poda. Na maziwa yaliyoganda shingoni."

"Na mimi?"

"Moshi."

"Bado?"

"Bado, baba."

"Na wewe?"

"Mimi sijisikii mwenyewe. Hakuna anayejisikia."

Akafikiri. "Basi wewe nakukumbuka," akasema, akanieleza nilivyokuwa nanukia mwaka ule alionioa. Hilo alilolisema nitabaki nalo mwenyewe.

Alifariki mwaka jana, asubuhi ya kawaida. Alikuwa barazani anamenya thomu kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, akashika mlango akaniambia kifua kinambana. Mwanangu alikuja na gari haraka. Njiani mume wangu aliegemea bega langu, akaniuliza kama nimezima jiko. Sikumbuki kama nilikuwa nimelizima. Nikamwambia ndiyo, nimezima.

"Haya," akasema.

Hakusema tena. Tulipofika hospitali walimpokea vizuri, wakahangaika naye, lakini alikuwa amekwisha kwenda. Alizikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Mwanangu ndiye aliyemwosha pamoja na ami zake. Aliporudi alikaa karibu nami akasema, "Mikono yake ilikuwa laini, mama. Sikujua. Mikono ya mtu wa moto nilidhani ni migumu." Nikamwambia kila usiku alipaka mafuta ya nazi, maana hakutaka kuninasa nguo akinishika. Kijana akainama akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Ile harusi ya Jumamosi wenzake waliipika. Mama wa bibi harusi alikuja kwanza kunipa pole na kuniomba ruhusa, nami nikamwambia aende akacheze, marehemu angekasirika harusi ikipoa kwa sababu yake. Siku ya hitima wapishi hao hao walikuja kwetu bila kuitwa, na niliwasikia kichochoroni wanabishana nani ashike mwiko. Mimi nilikuwa ndani, kwenye eda, nguo nyeupe, wanawake wamejaa. Binti yangu alikuja kuketi miguuni pangu. Alinitazama tu usoni na kungoja. Ile harufu ya bisi iliponifikia nikamwambia, "Waambie watoe makaa," naye akainuka akaenda. Sikula siku hiyo, lakini waliokula walisema ni kama alipika mwenyewe. Labda walisema hivyo kwa ajili yangu.

Watoto wangu humkumbuka kama baba wawili tofauti. Binti anasema alikuwa mpole mno, hakuweza kumnyima kitu. Mwanangu anasema alikuwa mkali, na kwamba siku moja alimrudisha dukani mara nyingi kwa sababu ya mdalasini mbovu. Wanabishana, nami nawaachia, kwani wote wanasema kweli.

Mwanangu huyu hakuwahi kujifunza kupika. Ana kazi ya ofisini, na tangu utoto alikimbia moshi. Ijumaa ya kwanza baada ya eda yangu kwisha, alikuja na mifuko kutoka Marikiti, nyama, mchele, mbatata, akatangaza kwamba leo pilau ni yake na mtu yeyote asiingie jikoni. Tulimsikia akigonga vitu na kumpigia simu mkewe kuuliza. Dadake alisimama mlangoni mara mbili, akafukuzwa.

Alitandika jamvi, akaleta sinia mwenyewe, jasho linamtoka. Tukasema bismillahi. Nilikula tonge la kwanza, na yeye hajagusa, ananitazama.

"Vipi, mama? Sema kweli."

"Chumvi imezidi sana, mwanangu. Na nyama haijaiva."

Mabega yake yakashuka, akacheka. "Nilidhani utanidanganya."

"Babako hakunidanganya hata siku moja juu ya chakula. Lete ndimu."

Akaleta ndimu na pilipili. Tulikula, dadake akimtania kila tonge, mkwe wetu akimtetea. Mjukuu wangu alikunywa maji gilasi baada ya gilasi, akafuta mdomo, kisha akasogeza sahani yake akaomba aongezwe wali.